Dakika Kumi na Tatu za Mwalimu Beatrisi

Dar es Salaam,
9 Februari 2025

Mwalimu wangu Beatrisi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na miguu imepungua kuuma. Mjukuu wako Ritha aliniambia kwamba siku hizi masikio yamechoka kabisa, simu huisikii, na ujumbe wa simu huutaki kwa sababu herufi zake hazina mwandiko wa mtu. Nilicheka, nikaenda kununua karatasi. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi, Ritha ataifuata stendi ya Muheza.

Ni mimi, Shadya Idarusi wa Moa. Ulinisimamia mtihani wa kidato cha nne mwaka 2008, na kwa bahati yangu nikakukuta tena Tanga mjini kidato cha tano na cha sita, ukanifundisha Jiografia miaka miwili. Sasa nina miaka thelathini na minne na nafanya kazi kwenye maabara ya vipimo. Wenzangu wanapima mizani na pampu za mafuta. Mimi napima muda.

Usicheke. Ni kazi kweli. Saa tunazozitunza hapa haziyumbi, dunia ndiyo inayoyumba. Ulitufundisha kwamba inajizungusha mara moja kwa siku, lakini hukutuambia kwamba leo inachelewa na kesho inawahi, kwa vipande vya sekunde ambavyo hakuna anayevihisi. Tangu mwaka 1972 saa za dunia nzima zimeongezewa sekunde moja moja, mara ishirini na saba, ili ziisubiri dunia. Mara ya mwisho ilikuwa kuamkia mwaka mpya wa 2017. Kwetu ilikuwa kabla tu ya saa tisa usiku, na dakika moja ikawa na sekunde sitini na moja. Watu wa kompyuta hawaipendi kabisa sekunde hiyo ya nyongeza, kwa hiyo imekubaliwa kwamba ikifika 2035 utaratibu huo uachwe, na saa ziachwe zitofautiane na dunia zaidi ya ilivyo sasa.

Tarehe 20 Mei, Siku ya Vipimo Duniani, ofisi yetu itafanya mkutano wa wananchi Tanga, nami nimepewa nizungumze: muda wa kila siku utunzwe kwa usahihi kiasi gani? Nataka kuanza na habari yangu mimi na wewe. Unaikumbuka ile mvua ya Novemba? Maji yalikata barabara, mwenye pikipiki akakataa kuvuka, nikatembea na viatu mkononi hadi shuleni. Mtihani wa Hisabati ulishaanza saa mbili, na kanuni ilisema aliyechelewa zaidi ya nusu saa haingii. Nilipofika mlangoni, saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika ishirini na nane. Dakika mbili tu, Mwalimu! Ukanipa khanga yako nijifute, ukanionyesha kiti.

Tangu siku ile nasema nimeokolewa na saa sahihi. Saa ya ukumbi ule ingekuwa inakimbia dakika tatu tu, leo nisingekuwa hapa. Sijawahi kukushukuru kwa maandishi, basi nakushukuru sasa. Ahsante kwa khanga, ahsante kwa longitudo na latitudo, ahsante kwa kunifanya niamini kwamba mtoto wa Moa anaweza kuufuatilia mzunguko wa dunia na akalipwa mshahara.

Mwanafunzi wako,
Shadya


Muheza,
20 Februari 2025

Mwanangu Shadya,

Marahaba. Barua imefika inanuka dizeli, lakini mwandiko ni ule ule, herufi zimelala kama wagonjwa wodini. Nimeisoma mara mbili. Ritha amenisomea mara ya tatu kwa kunipigia kelele sikioni, maana alitaka na yeye aijue.

Nakushukuru kwa kunikumbuka. Wanafunzi ni wengi, wanaoandika ni wachache.

Sasa hiyo sekunde yenu. Umesahau longitudo? Saa ya Tanzania nzima inafuata nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haugusi nchi yetu popote, uko huko baharini. Tanga tuko kwenye 39. Toa, unabaki na nyuzi sita, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Maana yake, kwa wastani, jua linafika utosini mwetu dakika ishirini na nne baada ya saa kusema saa sita mchana. Kigoma inapita saa nzima. Umewahi kumsikia mtu wa Kigoma akilalamika? Anakula chakula cha mchana njaa ikimuuma. Kwa hiyo waambie wakubwa wako kwamba sisi tumeishi na dakika ishirini na nne zisizo zetu tangu tuzaliwe, sekunde moja haitatuua.

Jambo moja nakuomba. Mfano wa mtihani uache. Msichana aliyelowa mvua anatia watu huruma, na wakishaona huruma hawasikii tena hoja. Tafuta mfano mwingine, wa mabasi au wa benki.

Kondakta atakupa kiroba cha machungwa. Yale ya chini ndiyo matamu.

Mimi,
Mwl. Beatrisi Kihiyo


Dar es Salaam,
8 Machi 2025

Mwalimu Beatrisi,

Shikamoo. Machungwa yamefika wakati wake. Tumeanza mfungo, na kila jioni tunafungulia juisi yako. Mama kule Moa anauliza kila siku, "Yule mwalimu wa khanga hajambo?" Nimempelekea na yeye machungwa kumi, amekuombea dua ndefu.

Hoja yako ya Kigoma nimeisoma ofisini, wote wakaangua kicheko. Bosi wangu, mama Jenifa, amesema uje utufundishe.

Lakini mfano wa mtihani siuachi. Nakujua, Mwalimu, hupendi kusifiwa. Hata tulipomaliza kidato cha sita ulikimbilia jikoni ili tusikupe zawadi mbele ya watu. Safari hii huna pa kukimbilia. Habari yetu imeshachapishwa kwenye kipeperushi, na nimekuwekea kiti cha mbele. Nikifika hapo nitakuomba usimame, watu wamwone aliyekuwa akiitunza ile saa.

Gari litakufuata Muheza. Ritha aje pia.

Wako mwenye shukrani,
Shadya


Muheza,
17 Machi 2025

Shadya,

Sitasimama. Nimekaa siku nne nikiitazama karatasi, sasa naandika, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Saa ile haikuwa sahihi.

Mwaka mmoja kabla ya mtihani wako, 2007, nilisimamia shule nyingine. Msichana mmoja, Queen, alifika dakika nne baada ya nusu saa. Dadake alikuwa amejifungua alfajiri na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Nilimwonyesha saa. Alipiga magoti, nikamwonyesha saa tena. Nilifuata kanuni, hakuna aliyenilaumu, na jioni nilikula chakula changu kama kawaida. Miezi minane baadaye nilimkuta stendi hapa Muheza, anauza machungwa. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo, Mwalimu," na alipomaliza kunihesabia akaongeza mawili juu. Sikuweza kuyala.

Kisha ikaja siku yako. Sikukujua. Nilichokijua ni kwamba kiti namba ishirini na tatu kilikuwa kitupu na nje mvua inamwagika. Ilipofika mbili na dakika ishirini na nane nikapanda juu ya kiti, nikaishusha saa ukutani kama mtu anayefuta vumbi, nikatoa betri, nikaitundika tena. Betri nikaifumbata mkononi. Nikasema moyoni, nitasubiri hadi nitakaposhindwa.

Tulikuwa wasimamizi wawili. Mwenzangu alikuwa Mwalimu Edgar Mntambo, kijana aliyetoka shule nyingine, tulijuana siku tatu tu. Aliitazama saa ya ukutani, akaitazama ya mkononi mwake, akanitazama mimi. Kisha akavua saa yake, akaitia mfukoni. Msichana mmoja tu aliinua kichwa, aliyeitwa Brightness. Akaangalia ukutani, akaangalia kiti chako, akarudi kwenye karatasi yake.

Uliingia dakika kumi na tatu baadaye, unatetemeka. Wakati unajifuta na khanga, nilirudisha betri. Ilikuwa imelowa jasho. Ulikuwa umechelewa dakika kumi na moja kupita kanuni.

Baada ya hapo Edgar aliandika taarifa, mimi nikasaini bila kusoma, nikitaka tu niondoke. Sikumwona tena. Sikusimamia tena mtihani wowote. Kila mwaka nilipoombwa nilisema ninaumwa mgongo. Nilipokukuta kidato cha tano, darasani kwangu, nilikuwa nikikuona unanyoosha mkono, nafurahi, papo hapo naogopa. Mara ngapi nilitaka kukuambia! Nikaona nitakuvunja. Au labda nilikuwa najihurumia mimi.

Sasa wewe ndiye mtunza muda wa watu, na unataka kusimama mbele yao useme uliokolewa na saa sahihi. Siwezi kukuacha useme uongo ambao ni wangu.

Nisamehe.

Beatrisi


Muheza,
25 Aprili 2025

Shadya,

Idi imepita, Pasaka imepita, nawe kimya. Sikulaumu. Naandika tu kukuambia kwamba nimemwambia Ritha yote, na kama ofisi yako inataka jina langu, wape. Mimi ni mzee, hawana cha kuninyang'anya. Cheti chako ni jasho lako. Majibu ya mtihani uliyaandika wewe, sikukunong'oneza hata moja.

Kula vizuri.

Beatrisi


Amani,
3 Mei 2025

Bi Shadya,

Marahaba, na pole kwa kazi. Barua yako imenifikia huku milimani baada ya kuzunguka sana, maana niliacha ualimu mwaka 2015, sasa nalima iliki na pilipili manga. Unaniuliza kama ni kweli nilivua saa yangu siku ile, na kama nilijua ninachofanya. Ndiyo, na ndiyo.

Kinachonishangaza ni hicho unachoniandikia kwamba Mwalimu Beatrisi amekaa na jambo hili moyoni kama siri. Siri gani? Mimi niliiandika kwenye taarifa! Nina tabia ya kutunza nakala za kila nilichosaini, mke wangu ananisema sana kwa hilo. Nimeitafuta siku mbili kwenye sanduku, nimeipata, panya wamekula pembe moja tu. Nakunakilia maneno yenyewe:

"Mtihani ulianza saa 2:00 asubuhi. Mtahiniwa mmoja aliingia saa 2:41 akiwa amelowa, kwa sababu maji yalikata barabara ya Moa. Saa ya ukumbi ilisimamishwa dakika 13 na msimamizi mkuu, nami nikishuhudia. Mtihani ulikwisha saa 5:13 kwa watahiniwa wote. Tunaomba uamuzi."

Saini yake iko chini, na yangu iko pembeni.

Wiki mbili baadaye niliitwa na mkubwa mmoja wa elimu, mzee aliyekuwa karibu kustaafu. Aliniuliza, "Kuna aliyepunguziwa muda?"

Nikasema, "Hakuna, mzee. Wote walipata zaidi."

"Kuna aliyetoka nje akarudi?"

"Hakuna."

"Mngemfukuza mngelala?"

Nikasema mimi ningelala, ila mwenzangu asingelala. Akacheka, akaandika pembeni, "Imekubaliwa," akapiga muhuri. Kisha akanionya, safari nyingine tuombe ruhusa kwanza. Nilihamishwa mwezi huo huo. Sikumtafuta Mwalimu Beatrisi kwa kuwa nilidhani anajua. Mtu anasaini kitu bila kukisoma? Kumbe alisaini.

Hiyo miaka kumi na saba inaniuma sasa. Ningempelekea barua ya mistari miwili tu. Mwambie namwomba radhi, na mwambie kwamba kuvua saa yangu siku ile ni kitu ambacho namshukuru Mungu kwacho kuliko vingi nilivyofanya darasani.

Wako,
Edgar Mntambo


Dar es Salaam,
10 Mei 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Anza kwa kusoma barua ya Mwalimu Edgar, nimeiweka juu ya hii. Isome mwenyewe, usimwachie Ritha.

Umemaliza? Kaa kidogo. Mimi nilipoisoma nilikaa sakafuni.

Sasa nikuambie kimya changu. Barua yako ya Machi ilinikuta mwezi mtukufu, na nilikasirika. Sikukasirika kwa kuwa uliisimamisha saa. Nilikasirika kwa sababu kwa miaka yote hii nimejisimulia habari ya msichana aliyewahi kwa dakika mbili, na msichana huyo hakuwahi kuwepo. Nilikitoa cheti changu kwenye kabati, nikakitazama kama cha mtu mwingine. Halafu kuna Sabra. Huyu ni binti ninayemwongoza kazini. Januari alisoma kifaa saa nne na dakika sita akaandika saa nne kamili, nikampa barua ya onyo. Niliposoma yako nikasema mimi ni nani wa kumwonya mtu kwa dakika sita? Nilitaka nimwombe radhi na kuichana ile barua.

Kabla sijaichana, nikamwandikia Mwalimu Edgar. Nilitaka tu kuwa na hakika. Jibu lake lilipokuja nilielewa kitu ambacho miaka yote ya kazi sikukielewa. Wewe uliisimamisha saa, lakini kwenye karatasi muda wa kweli uliandikwa, na sababu ikaandikwa. Hakuna aliyedanganywa ila mimi na wewe. Hata hiyo sekunde ya nyongeza itakapoachwa, wataalamu wataendelea kutangaza dunia imeachana na saa kwa kiasi gani, ili anayehitaji ajue. Watu wanaweza kukubaliana saa isubiri au isisubiri. Tunachotakiwa ni kuandika ukweli wa tulichofanya.

Kwa hiyo onyo la Sabra sikulichana. Nilimwita, nikamuuliza kwa nini alichelewa siku ile. Akasema alimpeleka mtoto kliniki. Nikamwambia, "Ungeandika hivyo ningeelewa."

Akasema, "Dada Shadya, sikujua kama inaruhusiwa."

Kumbe hakuna aliyewahi kumwambia, na wa kumwambia nilikuwa mimi. Onyo limebaki kwenye faili, na maelezo yake nimeyaandika chini kwa mkono wangu.

Kuhusu Queen sina neno la kukupoza, Mwalimu. Nimejaribu kuliandika mara tatu nikafuta. Najua tu kwamba mimi nimekaa kwenye kiti ambacho yeye alikosa, na namwombea heri popote alipo.

Kuhusu mimi, neno ninalo. Hukuniibia ushindi wangu. Siku ile ulimsubiri mtu usiyemjua, betri mkononi, ukihatarisha kazi uliyoipenda. Nilikuwa nikiishukuru saa. Shukrani zile zote, za miaka kumi na saba, zilikuwa zako, na nakuletea zote kwa pamoja.

Kipeperushi kimechapwa upya. Gari litakufuata tarehe 20 asubuhi. Mwalimu Edgar atashuka Amani kwa basi, atakukuta ukumbini. Njoo. Sitakulazimisha usimame.

Mtoto wako,
Shadya


Muheza,
26 Mei 2025

Mwanangu Shadya,

Marahaba sana. Naandika nikiwa bado na mchanga wa Tanga kwenye viatu, Ritha ananisema nivisafishe.

Kwenye shughuli ile hatukupata nafasi ya kuzungumza, watu walikuzunguka, nami kelele za ukumbi zinanichanganya. Basi nikusimulie mkutano wako ulivyoonekana kutoka kiti changu, kwa sababu mimi niliuona, sikuusikia.

Edgar amenenepa na ana mvi. Nilimtambua kwa anavyotazama mtu bila kusema. Tulipeana mikono, akataka kuomba radhi, nami nikataka kumshukuru, tukaishia kushikana mikono hivyo hivyo mpaka Ritha akatuambia tukae. Alikuwa na daftari la shule. Kila ulichosema akaniandikia, haraka haraka, mwandiko wa mtu wa taarifa. Nimeona habari ya sekunde ishirini na saba. Nimeona Kigoma wangu, na nikaona watu wanavyocheka. Ulipofika kwenye mvua, kalamu ikasimama. Nikamgusa kiwiko, "Anasemaje?" Akaandika maneno manne: "Anasema ukweli wote, Mwalimu."

Kisha mzee mmoja mwenye kofia akasimama kuuliza. Edgar akaniandikia swali lake: "Kwa hiyo saa ile iliyosimamishwa ilikuwa sahihi au haikuwa sahihi?" Nikaogopa. Nikakutazama uso. Edgar akaandika jibu lako: "Haikuwa sahihi. Taarifa yao ndiyo iliyokuwa sahihi. Na waliokuwemo ukumbini walikuwa watu wema." Halafu nikaona mikono ya watu inapigana, ukumbi mzima, nikajua ni makofi. Nilisimama, Shadya. Hukuniomba, nilisimama mwenyewe.

Njiani kurudi nililia kidogo, kilio kizuri. Ritha akadhani nimeugua, akataka kumsimamisha dereva.

Sasa sikia habari mpya. Jana baada ya ibada alinifuata mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kanisa letu. Ritha akanipigia kelele sikioni kwamba wana mtihani wa majaribio wiki hii, mwalimu wao mmoja amejifungua, wanatafuta msimamizi. Nikaanza kusema mgongo. Nikajizuia. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sisikii." Akachukua karatasi, akaandika, "Bibi, kusimamia ni macho."

Nimekubali. Ni kesho kutwa, Jumatano, saa mbili asubuhi, Hisabati. Nimemwambia nitaandika taarifa mwenyewe na nitaisoma kabla ya kusaini. Ritha ameshanipigia pasi gauni la kitenge na anazunguka nyumba nzima akiwaambia majirani.

Msalimie mama yako Moa, mwambie dua yake imefika. Msalimie Sabra na mtoto wake. Wewe nakushukuru, mwanangu. Nilikuwa nimestaafu kwa hofu miaka mingi kabla ya kustaafu kwa umri, na sasa narudi darasani.

Mwalimu wako,
Beatrisi Kihiyo